Kumhamisha Mzee Kutoka Nyumba Kubwa: Hatari za Wiki za Mwanzo

Swali ninaloulizwa mara nyingi kliniki katika miaka ya karibuni halihusu dawa. Huulizwa na mwana au binti wa mgonjwa, kwa kawaida mlangoni, mzee akiwa ameshatangulia kutoka: "Daktari, nyumba imekuwa kubwa mno kwake. Tumhamishe?" Wazazi walijenga vyumba saba au vinane wakati watoto walikuwa wengi na wageni hawakauki. Leo watoto wako Dodoma, Mwanza na ng'ambo, mwenza ametangulia mbele ya haki, na mzee mmoja anatembea na funguo za vyumba ambavyo havijafunguliwa tangu Pasaka. Bati linavuja, ngazi ni nyingi, na mlinzi analipwa kulinda vitanda vitupu.

Kwa miaka mingi nilijibu swali hilo kama jirani, si kama tabibu. Nilisema ndiyo, nyumba ndogo ni nafuu kwa kila mtu. Kisha nikamhamisha mama yangu mwenyewe, na katika wiki ya tatu akavunjika nyonga. Nimeomba ridhaa yake kueleza yaliyotokea, kwa sababu karibu yote yangeweza kutabiriwa na mtu mwenye mafunzo niliyo nayo, nami sikuyatabiri.

Kopo la biskuti

Mama alikuwa na umri wa miaka 76, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, akiishi Machame katika nyumba ya vyumba vinane iliyojengwa kidogo kidogo kwa fedha za kahawa na mshahara wa ualimu. Baba alifariki, akazikwa kihambani, hatua chache nyuma ya jiko, kama ilivyo desturi ya Wachaga. Miezi mitano baadaye sisi watoto tuliamua, kupitia kundi la familia la WhatsApp, kwamba mama ahamie nyumba ya vyumba viwili Moshi mjini: karibu na dada yangu, karibu na hospitali, hakuna mteremko wala utelezi. Tulipomweleza alisema, "Sawa, wanangu." Tukaagiza gari.

Aliyelelewa katika jamii zetu anajua kwamba "sawa" ya mzee ina maana nyingi, na kukubali ni mojawapo tu. Inaweza kumaanisha kwamba amechoka kubishana, au kwamba hataki kuwaaibisha watoto mbele ya wakwe. Nitalirudia jambo hili.

Wakati wa kufungasha nilikuta, ndani ya kopo la biskuti juu ya kabati lake, karatasi za vidonge ambazo hazijafunguliwa. Mama alikuwa amepangiwa dawa tatu za shinikizo la damu: amlodipini, losartani na hidroklorothiazidi, pamoja na amitriptilini kidogo usiku kwa maumivu ya miguu. Dawa ya tatu, hidroklorothiazidi, ambayo huongeza mkojo, iliongezwa mwaka uliotangulia kwa sababu shinikizo lilikuwa halishuki. Kumbe ndiyo iliyojaa koponi. Nilipomuuliza alieleza bila wasiwasi kwamba hawezi kumeza dawa ya mkojo siku ya ibada, siku ya soko, wala siku ya msiba. Ukihesabu siku hizo katika kijiji chetu, zinazobaki ni chache. Nilicheka, nikazitupa zile zilizokwisha muda, nikamnunulia kisanduku chenye vijumba vya siku saba za wiki.

Kule Moshi tuliajiri dada wa kumsaidia, msichana mwaminifu na makini. Kila asubuhi na kila jioni alimpa mama vidonge vyote kama kisanduku kilivyoelekeza. Wiki ya pili muuguzi wa kliniki alimpima akiwa ameketi, akapata 108/64, akampongeza. Nilitumiwa picha ya kadi nikiwa kazini, nami nikampongeza. Siku kadhaa baadaye, saa nane usiku, mama aliamka kwenda chooni. Machame choo kilikuwa kushoto kwa kitanda; hapa kilikuwa kulia. Aligeuka kushoto, akapata kizunguzungu, akajigonga kwenye kabati la vyombo tulilolilazimisha liingie katika chumba kisicholitosha, akaanguka. Hospitalini, mbali na nyonga iliyovunjika, sodiamu katika damu yake ilikuwa 123, ilhali kiwango cha kawaida ni 135 hadi 145.

Dawa zilezile, mwili mwingine

Hili ndilo ninalotaka wenzangu wa zahanati na vituo vya afya walishike kwa makini. Mgonjwa ambaye shinikizo lake halishuki huongezewa dawa. Mara nyingi halishuki kwa sababu dawa hazimezwi, lakini kadi haisemi hivyo. Kadi inasema dawa tatu. Mgonjwa huyu anapohamia kwa mtoto, au anapopata msaidizi katika nyumba mpya, kwa mara ya kwanza anameza kila kilichoandikwa. Kwa mwili wake hiyo ni sawa na kuanzishiwa dawa mpya, wakati mwingine mbili kwa mpigo, na hakuna aliyeandika kwamba zimeanzishwa, kwa hiyo hakuna anayefuatilia.

Hidroklorothiazidi na dawa za jamii yake huweza kushusha sodiamu, na hatari hiyo ni kubwa zaidi kwa wanawake wazee wenye miili midogo, hasa katika wiki chache za mwanzo. Dalili zake huanza kwa uchovu, kichefuchefu na kutembea kwa kuyumba, kisha kuchanganyikiwa. Familia husema, "Bado anaizoea nyumba." Amitriptilini nayo huongeza usingizi na hushusha shinikizo mtu anaposimama. Diazepamu, ambayo wazee wengi hununua dukani wanapokosa usingizi katika nyumba ngeni, huongeza uwezekano wa kuanguka. Dawa zinazolegeza njia ya mkojo kwa wanaume wenye tezi dume iliyovimba, kama tamsulosini, huweza kushusha shinikizo pia.

Kisha kuna hali ya hewa. Anayeshuka kutoka Machame kwenda Moshi mjini, au kutoka Lushoto kwenda Tanga, anatoka kwenye baridi na kuingia kwenye joto. Joto hutanua mishipa ya damu na jasho hupunguza maji mwilini, hivyo kipimo cha dawa kilichofaa mlimani kinaweza kuzidi bondeni. Mzee naye hahisi kiu kama kijana, na aliye katika nyumba ngeni huweza kujinyima maji makusudi ili asiamke usiku kutafuta choo asichokizoea.

Kwa wenye kisukari hesabu ni ileile, na hatari iko karibu zaidi. Wiki ya kuhama milo huvurugika: sufuria ziko ndani ya maboksi, mkaa haujanunuliwa, chakula cha mchana kinaliwa saa kumi. Anayetumia glibenklamidi na kuimeza kwa wakati bila kula anaweza kushukiwa na sukari hadi kuzimia. Orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani inaeleza kwamba glibenklamidi haifai kwa wenye umri wa zaidi ya miaka 60. Ikiwa mzee wenu bado anaitumia, safari ya kuhama ni sababu nzuri ya kumwona daktari kabla ya gari la mizigo kufika. Wanaotumia insulini wahakikishe mapema kwamba pa kuihifadhi pana ubaridi, hata kama ni mtungi wa udongo wenye maji, kwa kuwa jokofu mara nyingi ndilo huwashwa mwisho.

Ramani iliyo mwilini

Mtu aliyeishi miaka 40 katika nyumba moja haitazami anapotembea ndani yake. Mkono unajua swichi ilipo, mguu unajua kizingiti. Ujuzi huo hukaa katika sehemu ya ubongo inayohifadhi mazoea, na ndiyo maana hata mwenye demensia, yaani ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, huweza kuonekana mzima kabisa akiwa kwake. Anachota maji, anafunga mlango, anawarudisha kuku bandani. Ukimhamisha, mazoea hayo hayana pa kushika, na ugonjwa uliojificha unajitokeza kwa siku tatu. Familia hulaumu nyumba mpya, au dada wa kazi, au jirani mwenye kijicho. Utafiti uliofanyika wilayani Hai na kuchapishwa mwaka 2013 ulikadiria kwamba takriban watu 6 katika kila 100 wenye umri wa miaka 70 na zaidi wana demensia. Wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa hivyo na mtu yeyote.

Kuna tofauti moja ambayo kila anayemlea mzee anapaswa kuijua. Demensia huja polepole, kwa miezi na miaka. Mzee ambaye Jumatatu alikuwa timamu na Alhamisi hamtambui mwanawe, anasinzia mchana na kupiga kelele usiku, hajapata demensia kwa sababu ya kuhama. Hiyo ni hali ya kuchanganyikiwa kwa ghafla, na ni dharura. Chanzo chake kinaweza kuwa maambukizi ya njia ya mkojo, nimonia, malaria, kibofu kisichotoa mkojo, sukari iliyoshuka, sodiamu iliyoshuka, au dawa. Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo. Msisubiri azoee.

Upande wa vyombo na samani nitapita haraka, kwa kuwa wengi wanaujua wakikumbushwa. Makochi ya sebule kubwa hayafai kuingizwa yote katika sebule ndogo. Njia ya kutoka kitandani hadi chooni ibaki wazi, bila zulia linalokunjika wala waya. Kitanda kipangwe ili choo kiwe upande uleule kiliokuwa kule alikotoka. Ingelituchukua dakika kumi kumfanyia mama hivyo. Taa ya kuchaji iwe karibu na mkono wake, umeme upo au haupo. Fundi wa kuchomelea anaweza kutengeneza vishikio vya bomba la chuma kwa gharama isiyofikia hata siku moja ya kulazwa. Choo cha kuchuchumaa ni mateso kwa mwenye magoti mabovu, na kiti cha mbao chenye tundu kinatosha kumwokoa. Na jiko la mkaa lisilazwe ndani ya chumba kidogo kwa ajili ya kuota moto: kule kijijini jiko lilikuwa jengo la peke yake, moshi na kaboni monoksidi vikatoka. Katika chumba kilichofungwa gesi hiyo huua bila harufu.

Nani aliyeamua?

Mwaka 1967 Holmes na Rahe, watafiti wa Marekani, walichapisha kipimo cha uzito wa matukio ya maisha. Kifo cha mwenza kilipewa alama 100, kustaafu 45, na kuhama makazi 20 tu. Ukikisoma haraka unaweza kudhani kuhama ni jambo jepesi. Lakini alama hizo hujumlishwa, na wazee wetu huhamishwa hasa pale ambapo tayari wamebeba ile 100. Sisi tulimhamisha mama miezi mitano baada ya mazishi. Hatukumtoa kwenye vyumba vinane tu. Tulimtoa kwenye kaburi alilokuwa akilifagia kila asubuhi. Hakuna aliyemuuliza kuhusu kaburi, nikiwamo mimi ambaye huwauliza wagonjwa habari za choo, usingizi na hamu ya kula bila haya yoyote.

Mwaka 1963 Aldrich na Mendkoff walieleza yaliyowapata wazee na walemavu waliohamishwa baada ya nyumba yao ya kulelewa kufungwa Chicago: vifo vilizidi matarajio, hasa katika miezi mitatu ya mwanzo. Tafiti zilizofuata hazikukubaliana zote na matokeo hayo, na nyumba ya kulelea wagonjwa si nyumba ya familia. Hata hivyo, mashaka yaliyoanzia pale yaliwafanya watafiti waulize kama mtu alihama kwa hiari yake na kama aliandaliwa. Mwaka 1976 Langer na Rodin walifanya jaribio katika nyumba ya wazee huko Connecticut. Kundi moja liliambiwa kwamba maamuzi ya maisha yao ni yao wenyewe, na kila mmoja akachagua mmea wa kuutunza. Kundi jingine liliambiwa kwamba wauguzi watawashughulikia, na mimea yao ikatunzwa na wauguzi. Baada ya wiki tatu kundi la kwanza lilikuwa na furaha zaidi, uchangamfu zaidi na shughuli zaidi. Mmea si dawa. Lakini mzee aliyenyang'anywa funguo, jembe na uamuzi katika wiki moja amepokonywa vingi, hata kama chumba chake kipya kina vigae.

Nisieleweke vibaya. Nyumba kubwa ina hatari zake, nazo nimeziona: mzee aliyeanguka Ijumaa akapatikana Jumapili, mwenye moyo dhaifu anayepanda ngazi mara sita kwa siku, pensheni inayoishia kwenye bati huku dawa hazinunuliwi. Wapo wengi waliohamia nyumba ndogo wakanenepa. Ninaloshauri ni kuutazama uhamisho kama tunavyotazama upasuaji usio wa dharura. Unaandaliwa, unapangiwa wakati, mwenye mwili anaridhia, na wiki za baadaye zinafuatiliwa. Panapowezekana, usifanyike katika mwaka wa kwanza wa kufiwa, wala mzee asitolewe wodini moja kwa moja na kupelekwa nyumba asiyoijua. Alale pale siku mbili tatu kwanza, arudi kwake, aende tena. Ajaribu choo usiku. Yeye ndiye aseme kabati lipi liende na lipi wapewe wajukuu.

Njia moja inayosahaulika iko uani. Katika miji yetu nyumba nyingi kubwa zina banda la nyuma lenye chumba kimoja au viwili. Mzee akihamia humo na nyumba kubwa ikapangishwa, anapata vyumba vichache na kipato, na hapotezi jirani, msikiti au kanisa, muuza maziwa, wala zahanati inayomjua. Kiafya huu ndio uhamisho ninaoupendelea, ingawa watoto wengine huona aibu: watu watasema baba kawekwa banda la uani. Waseme.

Kwa wenzangu wa kliniki

Katika kila hudhurio la mgonjwa mwenye miaka 60 na zaidi, umri ambao Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mtu kuwa mzee, ulizeni maswali matatu ambayo hayamo kwenye kadi: Unaishi wapi sasa, umehamia lini, na ni nani anayekupa dawa? Jibu likiwa ni mahali papya au mtu mpya, mwombeni alete mfuko wa dawa zote, pamoja na zile za koponi. Muulizeni kwa upole alikuwa akimeza zipi kweli. Akiona hakemewi atasema. Ikiwa alikuwa akimeza moja kati ya tatu, msimrudishe kwenye zote tatu kwa siku moja. Anzeni na zile alizozizoea, mpimeni tena baada ya wiki moja au mbili, na anayetumia dawa ya kuongeza mkojo apimwe sodiamu panapowezekana.

Shinikizo lisipimwe akiwa ameketi tu. Alale dakika tano, apimwe. Asimame, apimwe tena baada ya dakika moja na baada ya dakika tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, yuko katika hatari ya kuanguka hata kama kipimo cha kuketi kinapendeza. Mama angepimwa hivyo wiki ile ya pili, naamini tusingempongeza. Kipimo kingine hakihitaji kifaa zaidi ya saa: ainuke kwenye kiti, atembee mita 3, ageuke, arudi na kuketi. Akitumia sekunde 12 au zaidi, zungumzeni na familia kuhusu taa, njia na vishikio kabla hajaondoka kliniki.

Mwulizeni pia, peke yake, kama alitaka kuhama. Anayekosa usingizi na hamu ya kula, asiyependa tena yale aliyoyapenda, kwa zaidi ya wiki mbili, achunguzwe sonona. Mzee hatasema ana huzuni. Atasema mwili unauma.

Mama alifanyiwa upasuaji, akaanza kusimama kwa fremu. Mwezi wa nne aliniita, akaniketisha, akasema anarudi Machame. Hakusema sawa wala wanangu. Tuligeuza jiko la zamani na stoo ya kahawa kuwa vyumba viwili vyenye choo cha ndani; yeye mwenyewe alimwonyesha fundi mlango uwe wapi, na dirisha linatazama kihambani. Nyumba kubwa wamepanga walimu wawili vijana ambao humpigia hodi kila asubuhi. Dawa za shinikizo zimebaki mbili, na nilipompima mara ya mwisho, akiwa amesimama, alikuwa na 134/76. Fremu anaitumia hadi mlango wa kanisa. Hapo huiacha nje.